Mibuni Kumi na Miwili

Gari linalotoka Mombo kwenda Same hupita Mazinde bila kupunguza mwendo. Kulia ni ukuta wa milima ya Usambara, kushoto ni mkonge, safu kwa safu, mpaka macho yachoke. Ukiupanda ule ukuta unaliacha joto chini na kukuta migomba, maharage, kahawa, ukungu wa asubuhi, na shule. Katika shule moja ya bweni ya huko juu nilipata nafasi ya kumtazama binti wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), akifanya kazi ambayo ni nadra mtu kukaa akaitazama: kupanga uchunguzi wa biolojia, kuufanya, na kuuandika.

Tumezoea kumsifu seremala, mhunzi na msusi wa mikeka. Mwanafunzi mwenye daftari hatumwiti fundi. Tunamhimiza asome afaulu, basi. Lakini upo ufundi wa kuuliza swali dogo likajibika, wa kupima bila kujidanganya, na wa kuandika sentensi isiyodai zaidi ya kilichoonekana. Ufundi huo una zana zake na vipimo vyake, na una mahali pake pa kuharibikia.

Swali lake la kwanza lilitoka bondeni. Ukisimama kwenye ukingo wa mlima, mashamba ya mkonge yanaonekana yote yakichomwa na jua la saa nane, naye akaandika juu ya ukurasa: Kwa nini mkonge haukauki? Mwalimu alisoma, akamrudishia daftari bila alama yoyote.

“Utajuaje siku ukipata jibu?”

“Nitasoma vitabu, mwalimu.”

“Huko ni kusoma. Mimi nimekuambia uchunguze.”

Alirudi na swali la pili: Je, stomata za mkonge hufunguka usiku? Hapo alikuwa amepiga hatua ndefu. Stomata ni vitundu vidogo mno kwenye ngozi ya jani; hewa ya ukaa huingilia hapo na mvuke wa maji hutokea hapo. Mimea mingi huvifungua mchana. Mkonge, sawa na nanasi, huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, hukusanya hewa ya ukaa na kuiweka akiba katika hali ya asidi, kisha mchana huvifunga na kuitumia akiba hiyo kutengeneza chakula. Kwa hiyo swali linajibika. Tatizo ni kwamba anayetaka kulijibu inabidi awe shambani bondeni usiku wa manane, na shule ya bweni huzima taa na kufunga geti mapema. Mwalimu alichora mstari wa penseli chini ya swali, akaandika pembeni: zuri, si la mwaka huu.

Nilikipenda sana kile kijisentensi. Wapo watu wazima wenye shahada zao ambao hawajawahi kuyaandika maneno hayo mbele ya swali lao wenyewe.

Swali la tatu lilikuwa nyuma ya bwalo la chakula. Shule ina shamba dogo la kahawa. Sehemu yake iko chini ya migrivea mirefu, sehemu nyingine iko wazi. Binti aliandika: Je, majani ya mibuni iliyo juani yana stomata nyingi zaidi kwa kila milimita ya mraba kuliko ya mibuni iliyo kivulini? Hayo maneno “kwa kila milimita ya mraba” hayakuja siku moja. Mwanzoni aliandika “stomata nyingi” tu, mpaka alipokata majani mawili na kuyalaza mezani. La kivulini lilikuwa pana zaidi. Akaona mwenyewe kwamba jani pana linaweza kuwa na stomata nyingi kwa sababu ya upana tu, na kwamba swali lake lilikuwa linapima mambo mawili kwa wakati mmoja. Akaliongezea maneno ili lipime moja.

Wilaya ya Lushoto, ilipo shule hii, ina historia na maswali ya wanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake. Alipouliza kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena baadaye, akiwa shule ya Mkwawa kule Iringa, mbele ya Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne aliporudi chuoni akalijaribisha, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ushupavu wa kijana. Mimi hukipendea umbo la lile swali: yeyote mwenye friza, vyombo viwili na saa ya mkononi anaweza kulirudia. Swali la mibuni lilikuwa na umbo hilohilo.

Ukurasa wa mpango aliugawa sehemu tatu. Kitakachotofautiana: mwanga. Kitakachopimwa: idadi ya stomata. Vitakavyokuwa sawa: hapo orodha ikawa ndefu, ikashuka hadi chini ya ukurasa na kugeukia nyuma. Aina ya mbuni. Umri wa mbuni. Kimo cha tawi kutoka ardhini. Upande wa mti. Umri wa jani. Siku ya kuchuma. Msomaji wa haraka ataiona orodha hii kama utaratibu wa kishule tu, lakini hapa ndipo uchunguzi mwingi wa wanafunzi hufia bila mwenyewe kujua. Mtu hulinganisha jani changa la juani na jani zee la kivulini, akapata tofauti kubwa, akafurahi, kumbe alichopima ni umri.

Ili ajue umri wa mibuni ilimbidi amwone babu anayetunza shamba.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuniibia kahawa?”

Alieleza anachotaka. Babu alimzungusha shamba zima taratibu, mkono mmoja nyuma, akionyesha kwa kidole. Safu mbili za uzioni zilipandwa upya baada ya ile ya zamani kufa. Hizo ni changa, asizichanganye na nyingine. Mbuni ule wa pembeni ulikatwa kisiki ukachipua, nao auache. Iliyobaki ililetwa kitaluni siku moja, aina moja. Binti aliandika yote, na chini yake: safu mbili za uzioni zisihusishwe. Maktaba ya shule haina kitabu chenye habari hizo.

Kisha akaanza kufuatilia kivuli. Kivuli hutembea, mti ulio juani saa tatu unaweza kuwa gizani saa tisa. Alipita shambani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, daftari mkononi, akiandika herufi mbele ya kila mbuni. Iliyokuwa juani nyakati zote tatu aliiweka kundi moja, iliyokuwa kivulini nyakati zote tatu kundi la pili. Ile ya nusu kwa nusu, na ilikuwa mingi, aliifuta kwenye orodha. Nilimwona akiifuta bila huruma, ingawa kila mstari ulikuwa unampunguzia miti.

Iliyobaki aliipa namba, akaandika namba kwenye vipande vya karatasi, akavikunja na kuviweka kwenye bakuli la plastiki, kundi moja baada ya jingine. Mwenzake akachomoa sita za juani na sita za kivulini. Nilimuuliza kwa nini asichague mwenyewe mibuni mizuri. Akasema hilo ndilo alilokuwa analikwepa: mkono wake ungekwenda kwenye mbuni wenye majani ya kupendeza, na akili yake ingekuja baadaye kutafuta sababu.

Kabla ya kuchuma jani lolote aliandika anachotarajia, akaweka tarehe. Alitarajia ya juani yazidi, kwa kuwa jani lenye mwanga mwingi lina uwezo wa kutengeneza chakula kingi na huhitaji hewa ya ukaa zaidi. Tarehe ile ina kazi yake. Matarajio yaliyoandikwa baada ya matokeo hayajawahi kukosea.

Sasa zana. Hadubini moja ya zamani isiyo na taa, yenye kioo cha kunasa mwanga wa dirishani. Slaidi za kioo. Selotepu inayopitisha mwanga. Rula ya plastiki. Na chupa ya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu. Chupa hii ilitunzwa kwenye droo ya mwalimu, kwa sababu bwenini rangi ya kucha ni kosa la kuitiwa mzazi, na binti alipewa kwa masharti kwamba isifike kwenye kucha ya mtu.

Jaribio la awali lilifanyika kwa majani yasiyohesabiwa. Rangi ikipakwa nene hutoa mapovu. Ikipakwa nyembamba mno huchanika wakati wa kubandua. Asubuhi yenye ukungu haikauki upesi, na selotepu ikibandikwa kabla ya wakati wake hunyonya rangi na kuacha uji. Alipaka, akasubiri, akabandua, akatupa, akapaka tena. Kila alichojifunza alikiandika kwa kalamu ya wino, na alipokosea alikata kwa mstari mmoja ili neno la chini lisomeke. Ufutio hauruhusiwi. Mwalimu anasema daftari safi kupita kiasi humtia wasiwasi.

Siku ya kuchuma alitoka mapema. Majani ya mbuni huota mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo ni rahisi kuhesabu jozi kutoka ncha ya tawi. Alichukua jozi ya tatu: jani limekomaa, halijazeeka. Majani matatu kwa kila mbuni, kutoka matawi ya usawa wa kifua, upande uleule wa mti. Alikata kikonyo kwa wembe, akalaza kila jani katikati ya gazeti la zamani na kuandika namba tu, bila neno “jua” wala “kivuli”.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea shuleni. Alimkabidhi mwenzake majani yote pamoja na orodha. Mwenzake akajifungia darasani, akaondoa namba ya kila mbuni na kuweka herufi moja aliyoichagua kwa fujo, akaandika ufunguo wake kwenye karatasi, akaufunga ndani ya bahasha na kumpa mwalimu. Kuanzia hapo binti hakujua jani lipi limetoka wapi. Jicho linaloujua mti huongeza stomata moja hapa, hupunguza moja pale, bila nia mbaya hata kidogo.

Kupaka ni kazi ya mkono uliotulia. Jani la mbuni lina stomata upande wa chini tu, kwa hiyo aliligeuza, akalifuta vumbi kwa pamba, akachagua sehemu ya katikati, mbali na mshipa mkuu. Aliniambia nitazame kwapa za mishipa, pale mshipa mdogo unapoachana na mkubwa: pana kishimo kidogo ambamo utitiri hujificha. Sehemu hiyo aliikwepa, kwa kuwa haifanani na ngozi nyingine ya jani. Alipitisha brashi mara moja, kuelekea upande mmoja, bila kurudi. Akaweka jani kwenye kivuli cha dirisha. Rangi ilipokauka alibandika selotepu, akaisugua kwa ubapa wa ukucha, akaivuta polepole kwa pembe. Ilitoka na utando mwepesi uliobeba sura ya ngozi ya jani. Akaubandika kwenye slaidi na kuandika herufi pembeni.

Hesabu ya eneo aliifanya kabla, na hapa palinivutia kwa sababu hapakuhitaji kifaa chochote cha bei. Aliweka rula ya plastiki chini ya hadubini kwa lenzi ndogo, ile ya mara 4, akasoma upana wa duara la mwanga: milimita 4.5. Lenzi ya mara 40 hukuza mara kumi zaidi ya hiyo, kwa hiyo duara lake ni milimita 0.45. Nusu kipenyo ni 0.225, ukiizidisha kwa yenyewe na kwa pai unapata eneo la milimita za mraba 0.159. Aliandika namba hiyo ndani ya jalada la daftari na kuizungushia mstari.

Aliponipisha nitazame, niliona uwanja wa vipande vilivyoungana kama fumbo, na katikati yake zile stomata, kila moja na seli linzi zake mbili zilizotazamana mithili ya punje za maharage, na mwanya mwembamba kati yao. Akanieleza kanuni ya ukingo. Stomata iliyokatwa na ukingo wa duara upande wa kulia inahesabiwa. Iliyokatwa upande wa kushoto haihesabiwi. Bila kanuni hiyo kila mtu huamua kwa moyo wake, na moyo una upande.

Alihesabu kwa vijistari vitanovitano, mkono wa kulia ukiandika, wa kushoto ukigusa skrubu ndogo ya kulenga, jicho halitoki kwenye lenzi. Duara moja, kisha anasogeza slaidi bila kutazama inakokwenda, duara la pili, la tatu. Macho yakianza kulia anasimama na kutazama milima ya mbali. Slaidi ya kumi, ya ishirini na ya thelathini zilihesabiwa upya na mwenzake ambaye hakuoneshwa hesabu ya kwanza. Walipotofautiana sana walikaa wote wawili kwenye hadubini mpaka wakajua ni stomata ipi mmoja ameiona na mwingine hakuiona. Mara nyingi ilikuwa ile ya ukingoni.

Mibuni 12, majani matatu kila mbuni, maduara matatu kila jani: hesabu 108. Binti alifurahia sana namba hiyo, akaiandika kwa herufi kubwa. Mwalimu akamuuliza ana sampuli ngapi. Mia na nane. Akamuuliza tena, safari hii akigonga meza kwa kidole. Kimya kirefu kikapita, ndipo akajibu: sita na sita.

Jibu hilo ni sahihi, na wataalamu wengi limewahi kuwaponyoka. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alipitia majaribio yaliyochapishwa katika majarida ya ikolojia, akakuta zaidi ya robo yamefanya kosa hilihili la kuhesabu vipimo vingi vya kitu kimoja kama vitu vingi. Maduara matatu ya jani moja yanazungumza juu ya jani hilo tu, na majani matatu ya mbuni mmoja yanazungumza juu ya mbuni huo. Kilichokaa juani ni mbuni. Kwa hiyo binti alitafuta wastani wa kila jani, kisha wastani wa kila mbuni, na zile 108 zikashuka hadi 12. Haikuwa kazi bure. Zilizimua bahati mbaya ya duara moja lenye stomata chache. Ila zisingeweza kujifanya miti.

Bahasha ikafunguliwa.

Kuandika hakukuanza na utangulizi. Alianza na njia aliyoitumia, ingali mbichi kichwani. Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo kwa masomo ya sayansi sekondari, lakini mabishano yote yalikuwa ya Kiswahili, na mara mojamoja Kishambaa kikapenya wakati wa kucheka. Sentensi yake ya kwanza ilisema alipaka rangi ya kucha kwenye jani. Mwalimu: upande upi? Akaongeza upande wa chini. Sehemu ipi? Akaongeza katikati, mbali na mshipa mkuu. Mara ngapi? Mara moja. Ilisubiri muda gani? Akarudi kwenye daftari kuangalia. Mwalimu hakumpa hata neno moja. Alikuwa akimuuliza kama mtu wa shule nyingine anayetaka kurudia kazi ile akiwa hana mtu wa kumuuliza. Sentensi ikawa nne, fupi zote, katika wakati uliopita.

Kwenye jedwali aliandika kipimo kwenye kichwa cha safu, mara moja, badala ya kukirudia kila kisanduku. Kikokotoo kilikuwa kimempa jibu la 188.6792 kwa duara lenye stomata 30, naye akaliandika lote. Mwalimu akalizungushia wino mwekundu. Ulipima duara kwa nini? Kwa rula. Rula ya plastiki inaona sehemu ya elfu kumi? Ikawa 189. Katika kazi nzima sikuona somo lililopita upesi namna ile na kukaa vizuri namna ile. Jedwali lote likasafishwa jioni hiyohiyo bila kuambiwa.

Grafu yake haikuwa na nguzo mbili ndefu za wastani kama tulivyozoea. Aliweka nukta kwa kila mbuni, sita upande huu, sita upande ule, na mstari mfupi kwenye wastani. Nukta haziruhusu kuficha. Zilionesha kwamba mibuni ya juani kwa jumla ilikuwa juu, na zilionesha pia mbuni mmoja wa kivulini uliopanda mpaka katikati ya wenzake wa juani. Binti aliutazama mbuni huo kwa chuki. Alitaka kuutoa. Mwalimu akamfungulia daftari na kumwambia atafute, kabla ya siku ya kufungua bahasha, mahali alipoandika kwamba mbuni huo una kasoro. Hapakuwapo. Nukta ikabaki.

Sehemu ya majadiliano ndiyo iliyomchukua muda mrefu, na ndiyo niliyoipenda kupita zote. Aliandika: matokeo haya yanathibitisha kwamba mwanga huongeza stomata. Akaisoma kwa sauti, akaikata mwenyewe. Chini ya migrivea kivuli hakiji peke yake. Majani ya mgrivea huanguka na kulundikana, udongo hukaa na unyevu zaidi, mizizi ya mti mkubwa hunyang'anyana maji na mibuni. Huenda ni mwanga, huenda ni mojawapo ya hayo, huenda ni yote. Akaandika upya: matokeo yanaendana na matarajio kwamba mwanga mwingi huambatana na stomata nyingi kwa eneo, shamba hili haliwezi kutenganisha mwanga na udongo. Halafu akapendekeza njia ya kutenganisha: miche ya umri mmoja katika vifuko vyenye udongo mmoja, nusu chini ya neti ya kivuli, nusu nje.

Mapungufu yake hayakuwa yale ya kunakiliana, kwamba muda haukutosha na vifaa vilikuwa vichache. Aliandika kwamba amehesabu jozi ya tatu tu na hajui ya kwanza ikoje. Kwamba shamba ni moja. Kwamba mbuni mmoja wa kivulini hauelezeki.

Mwalimu alimwongezea aya moja ya kusoma kabla ya utangulizi. Mwaka 1987 mwanabotania Ian Woodward wa Cambridge alihesabu stomata za majani makavu yaliyotunzwa katika makabati ya sampuli kwa miaka 200, akakuta zimepungua kwa takriban asilimia 40 kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka angani tangu kuanza kwa viwanda. Binti alishangaa kwamba kazi hiyo ilihitaji mambo anayoyajua: jani, hadubini, uvumilivu. Na makabati ya namna hiyo hayako Ulaya tu. Usambara imekuwa na wakusanyaji wa mimea tangu enzi za Wajerumani, walioanzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, na hapahapa Lushoto kituo cha utafiti wa misitu kina hazina yake ya sampuli zilizokaushwa.

Utangulizi aliuandika mwishoni, aya mbili. Kichwa cha ripoti ndicho kilichofunga kazi. “Uchunguzi wa stomata” kikawa “Idadi ya stomata kwa milimita ya mraba katika majani ya mibuni ya juani na ya kivulini, shamba la shule”. Hakina madoido. Anayekisoma anajua kilichopimwa, kwenye nini na wapi, kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Baadhi ya kazi za namna hii hupata jukwaa. Tangu Young Scientists Tanzania ilipoanzishwa mwaka 2011, wanafunzi wa sekondari hupeleka chunguzi zao kwenye maonyesho na kusimama mbele ya mabango yao wakihojiwa na majaji. Nyingi hazifiki huko. Muhula ukiisha hubebwa nyumbani, zikawa karatasi za kufungia karanga.

Wakuu wa shule, tengeni rafu moja maktabani. Haihitaji bajeti. Kila ripoti iwekwe na mwaka wake, pamoja na daftari lake lenye maneno yaliyokatwa. Mwanafunzi wa mwakani atakayetaka kuhesabu stomata za mibuni ileile atahitaji kujua kwamba safu mbili za uzioni zilipandwa upya, na babu wa shamba anakaribia kustaafu.